Kipeo kinapopotea: Jinsi ya kuandika tarakimu za juu na za chini kwenye kompyuta na rununu

MWALIMU akiandika swali la Hisabati kwenye kompyuta, 10³ + 2³, kisha alinakili na kuwatumia wanafunzi kupitia WhatsApp, yamkini litawafikia likisomeka 103 + 23. Jibu la swali lake ni 1,008. Mwanafunzi atakayejumlisha alichokiona atapata 126, na hatakuwa amekosea hesabu.

Kiini cha tatizo ni kuwa zipo njia mbili za kuandika tarakimu ndogo inayopanda juu ya mstari au kushuka chini yake, na aghalabu jicho haliwezi kuzitofautisha.

Ya kwanza ni mtindo. Programu kama Microsoft Word huhifadhi tarakimu ya kawaida, 3, pamoja na agizo la kuipunguza na kuiinua. Maandishi yakihamishiwa mahali pasipolitambua agizo hilo, kama vile WhatsApp au arafa, agizo huachwa nyuma na 3 hurejea mstarini. Njia ya pili ni kutumia alama inayojitegemea, ³, yenye nambari yake katika Unicode, mfumo wa kimataifa unaozipa herufi na alama za lugha za dunia nambari maalumu. Alama ya aina hiyo husafiri sawa na herufi a au b.

Kwa kazi itakayochapishwa karatasini, mtindo ndio bora, maadamu unaweza kuinua herufi yoyote na hata fomula nzima. Katika Word kwenye Windows, shikilia Ctrl na Shift kisha ubonyeze kitufe cha =. Kwa tarakimu ya chini, tumia Ctrl na = pekee. Bonyeza vitufe hivyo tena ili urejee mstarini. Wengi husahau hatua hii, wakashangaa kuona sentensi nzima ikielea. Katika Google Docs, Ctrl na nukta hupandisha ilhali Ctrl na koma hushusha. Wanaotumia LibreOffice Writer watabonyeza Ctrl, Shift na P kwa juu, au Ctrl, Shift na B kwa chini.

Lakini maandishi yatakayopitia simu yanahitaji alama zenyewe. Kwenye Windows, shikilia Alt na uandike 0178 upate ², au 0179 upate ³. Ni sharti utumie tarakimu zilizo upande wa kulia wa kibodi, ambazo vipakatalishi vingi vidogo havina. Ndani ya Word ipo njia nyingine: andika 2082, kisha ubonyeze Alt na X, na papo hapo utapata ₂. Tarakimu za chini huanzia 2080 kwa sufuri hadi 2089 kwa tisa. Za juu ni 2074 kwa nne hadi 2079 kwa tisa. Ukitaka kuandika 10⁴, teua kwanza 2074 pekee kabla ya kubonyeza Alt na X, la sivyo Word itaiunganisha na ile 10 iliyotangulia.

Mbona ¹, ² na ³ hazimo katika mpangilio huo wa juu? Alama hizo tatu zilikuwemo tayari katika orodha ya ISO 8859-1 ya mwaka 1987, na Unicode ikaziacha zilipokuwa. Ndiyo sababu katika baadhi ya miandiko ⁴ hailingani kwa kimo na ³.

Kwa rununu za Android zenye kibodi ya Gboard, fungua ukurasa wa tarakimu na ushikilie 2 au 3 kwa muda; ² au ³ itajitokeza. iPhone haina huduma hiyo kwenye vitufe vyake vya tarakimu. Hata hivyo, katika mipangilio ya kibodi yake ipo sehemu ya kubadilisha maandishi: nakili m² mara moja, uipe kifupi kama mrb, na kila uandikapo mrb simu itakuletea m².

Kwa maoni yangu, tarakimu ya chini si ya kuhangaikia mno. Anayesoma H2O anajua ni maji. Hatari imo katika kipeo. Matokeo ya maabara yanayosema 150 x 10⁹ kwa lita yakigeuka kuwa 150 x 109, maana imeharibika kabisa. Ukikosa alama, andika 10^9. Kofia hiyo inapatikana katika kila kibodi na haipotei njiani.

Kofia hiyo ina tatizo lake katika arafa, kwani huhesabiwa kama herufi mbili, lakini ² hugharimu zaidi. Haimo katika orodha ya kawaida ya herufi za arafa, na ² moja tu hushusha nafasi ya ujumbe kutoka herufi 160 hadi 70. Tangazo la shamba lililotosha arafa moja huenda likalipiwa kama mbili au tatu, kwa sababu tu mwuzaji aliandika m² badala ya “mita mraba”.