Chuma na Shaba: Tabia Zake, Kazi Zake, na Hasara ya Kuzigusanisha

Mtu akichukua msumari mpya wa chuma, akausugua mpaka ung'ae, kisha akautia katika maji yaliyoyeyushwa mrututu, ataona jambo la kustaajabisha. Baada ya dakika chache msumari huwa mwekundu, na wekundu ule si rangi ya kupaka bali ni shaba tupu. Zamani huko Ulaya walikuwako watu waliosema kwamba chuma kimegeuka kuwa shaba. Sivyo. Mrututu ni chumvi ya shaba. Shaba imo ndani ya maji yale ya buluu, ila haionekani. Chuma kikitiwa humo, chuma huanza kuyeyuka, na shaba hutoka majini ikashika mahali pake. Kila ratili 7 za chuma ziyeyukazo hutoa karibu ratili 8 za shaba. Wachina walikwisha kuijua njia hii, na katika karne ya 11 walikuwa wakiitumia kupata shaba nyingi kutoka katika maji ya machimbo.

Jambo hili lamhusu mkulima anyunyiziaye mibuni yake dawa, na mtu apigiliaye misumari katika paa lake, na nahodha pia. Lakini ili lieleweke, lazima kwanza zijulikane tabia za kila mmoja wa ndugu hawa wawili. Husemwa ndugu kwa sababu wataalamu wa kemia huziweka chuma na shaba katika ukoo mmoja wa madini, pamoja na nikeli, kromi na manganizi. Madini mengi ya ukoo huo hujulikana kwa kutoa chumvi zenye rangi: za shaba huwa buluu au kijani, na za chuma huwa kijani hafifu, manjano au rangi ya kutu.

Chuma kimejaa duniani. Katika kila sehemu 100 za gamba la dunia, kama sehemu 5 ni chuma, na wekundu wa udongo wa mashamba mengi ya milimani ni chuma kilichoshika kutu. Shaba haifiki hata sehemu 1 katika 10,000. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya shaba kuwa ghali. Tena ni nzito zaidi: shaba ni nzito karibu mara 9 kuliko maji ya kipimo kile kile, na chuma karibu mara 8.

Kwa moto, shaba ndiyo nyepesi kushindwa. Huyeyuka katika joto la digri 1,085 za Sentigredi, lakini chuma hutaka digri 1,538. Wahunzi wa zamani waliijua tofauti hii kwa mikono yao. Huko Katanga mafundi waliyeyusha shaba wakaimimina katika kalibu, ikatoka kwa umbo la msalaba, na misalaba ile ilitumika kama fedha. Chuma hakikumiminwa hivyo. Katika nchi za Kagera, ambako wahunzi walifanya kazi hiyo yapata miaka 2,000 iliyopita, mivukuto ilivuviwa mpaka mawe ya chuma yakatoa donge lenye matundu, lililochanganyika na mavi ya chuma, na donge hilo likafuliwa kwa nyundo tena na tena hata likawa jembe au mkuki. Kazi ilikuwa ngumu, lakini aliyekipata chuma alipata kitu ambacho shaba haiwezi kuwa. Chuma kikitiwa kaboni kidogo tu, hata chini ya sehemu 1 katika 100, huwa pua, na pua hushika makali. Shaba tupu ni laini. Panga la shaba lingepindika katika kichaka cha kwanza.

Ulaini huo huo, hata hivyo, ndio faida ya shaba katika kazi nyingine. Huvutwa ikawa uzi mwembamba bila kukatika, nayo hupitisha umeme karibu mara sita kuliko chuma. Waya wa chuma wa kufanya kazi ya waya mmoja wa shaba ingebidi uwe na unene wa waya sita pamoja. Kwa hiyo mashine za umeme, transfoma, na nyaya zilizomo ndani ya kuta za nyumba hutengenezwa kwa shaba, na mlingoti unaozibeba nyaya njiani huweza kuwa wa chuma. Sumaku nayo hukivuta chuma wala haiivuti shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu hutumia njia hiyo kumtambua mtu aletaye chuma kilichopakwa shaba juu tu.

Tamaa ya madini haya si jambo geni Afrika ya Mashariki. Misafara ya pwani ilichukua masango na udodi kwenda bara, kwa kuwa waya wa shaba ulikuwa pambo na tena ulikuwa mali. Reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, na hata baadaye, Wanandi waliokuwa wakipigana na serikali ya kikoloni walikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, na bolti za reli wakazifua silaha. Ile ilikuwa vita, na kila kitu kilichukuliwa kwa kazi kiliyoifaa. Siku hizi wanaokata nyaya na kuvunja transfoma hawajipambi. Huuza kwa uzito. Chuma nacho hakisalimiki. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia kuu ya umeme itokayo Kiambere kuja Embakasi ilianguka, na sehemu kubwa ya Kenya ikakaa gizani. Ikashukiwa kwamba vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa, na mwezi ule ule serikali ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu.

Katika miili ya viumbe pia madini haya yamegawana kazi. Damu ya mwanadamu ni nyekundu kwa sababu huchukua hewa safi kwa msaada wa chuma, na mtu aliyepungukiwa na chuma huchoka upesi. Pweza na kaa hutumia shaba kwa kazi hiyo hiyo, na damu yao ikipata hewa huwa ya buluu.

Sasa yafaa kutazama kutu, maana hapo ndipo hasara inapoanzia. Kutu ya chuma huvimba, humeguka na kuanguka, na kila imegukapo huacha chuma kipya wazi kwa maji na hewa, hata mwisho chuma chote huliwa. Kutu ya shaba, iliyo ya kijani, hushikamana na shaba yenyewe kama ngozi na kuikinga. Kwa hiyo shaba ikiwa peke yake yaweza kudumu mamia ya miaka. Chuma peke yake, kikipakwa rangi au mafuta, hudumu vema pia. Lakini vikigusana mahali penye maji, na hasa maji ya chumvi, hutokea kati yao mkondo mdogo wa umeme kama ule wa betri ya tochi. Chuma ndicho kilipacho gharama ya mkondo huo: huyeyuka upesi kuliko ambavyo kingeyeyuka peke yake, na shaba hubaki salama.

Wanamaji wa Uingereza walijifunza hayo kwa hasara. Mwaka 1761 manowari yao iliyoitwa Alarm ilifunikwa shaba chini ya maji, ili mbao zisitobolewe na wadudu wa baharini, ambao majahazi ya pwani yetu yalikingwa nao kwa kupakwa shahamu. Meli ikapelekwa visiwa vya Karibi. Iliporudi na kukaguliwa mwaka 1763, wadudu walikuwa wameshindwa, lakini misumari ya chuma iliyoishika shaba ilikuwa imelika vibaya. Ila mahali fulani misumari ilionekana mizima. Ilikuwa ni pale ambapo karatasi iliyofungiwa shaba ilisahauliwa katikati, ikazuia chuma kisiiguse shaba.

Elimu hiyo ya karatasi haikutosha kuzuia hasara nyingine. Sanamu kubwa ya Uhuru iliyosimama bandarini New York tangu mwaka 1886, zawadi ya Ufaransa kwa Marekani, ina ngozi ya shaba juu ya mifupa ya chuma. Waliyoijenga waliweka kitu cha kutenganisha katikati, lakini kwa miaka mingi kilichakaa, maji yakaingia, na vyuma vikaliwa na kuvimba kwa kutu. Katika matengenezo yaliyokwisha mwaka 1986 vyuma vile viliondolewa, vikatiwa vingine vya aina isiyoshika kutu. Ngozi ya shaba ilikuwa bado nzima.

Nyumbani sheria ni ile ile. Mabati ya kuezekea, ingawa huitwa hivyo, si bati. Ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki huliwa kabla ya chuma, nayo hukikinga hata pale palipokwaruzwa. Msumari wa shaba ukipigiliwa katika mabati, au maji yatokayo katika bomba la shaba yakitiririka juu yake, zinki huisha mapema na kutu huingia. Mabati hutaka misumari yake yenyewe iliyopakwa zinki. Vyombo vya shaba navyo visipikiwe vitu vikali kama ndimu, siki au ukwaju, isipokuwa vimetiwa bati ndani; shaba huyeyuka katika ukali huo, na mlaji hutapika.

Lakini hasara itokeayo mara nyingi zaidi ni ya shambani. Mrututu uliochanganywa na chokaa ni dawa ya kuvu. Wakulima wa zabibu karibu na Bordeaux, Ufaransa, waliipaka mizabibu iliyo kando ya njia ili wapita njia wachukie kuchuma. Mtaalamu Millardet akaona kwamba mizabibu ile ndiyo haikuugua, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo. Dawa za shaba zimetumiwa sana kwa kahawa ya Kenya, kupigana na kutu ya majani na ugonjwa wa matunda ulioonekana nchini mwaka 1922. Mkulima akiyeyusha mrututu katika ndoo ya chuma au debe, hutokea yale yaliyotokea kwa msumari: shaba hukaa katika ndoo, ndoo hutoboka, na kinachopelekwa kwenye mibuni ni maji yaliyopungukiwa dawa. Mrututu uyeyushwe katika pipa la mbao au chombo cha plastiki, chokaa katika chombo kingine, kisha maji ya mrututu yamiminwe katika chokaa polepole huku yakikorogwa.

Kabla ya kunyunyiza, kisu safi cha chuma kitiwe katika dawa kwa muda wa dakika moja. Kikitoka na wekundu, chokaa haijatosha na majani yataungua. Iongezwe mpaka kisu kitoke cheupe. Bomba lisafishwe siku ile ile, na maji ya kusafishia yasimwagwe mtoni, kwa kuwa shaba huua samaki. Kondoo wasiachwe kula majani chini ya mibuni iliyonyunyiziwa, kwani kondoo hudhurika kwa shaba upesi kuliko ng'ombe.