Je, Wajua? Jiwe la manati na embe lililodondoka hutua pamoja

Mtoto wa Nambilanje anayelenga embe kwa manati huanzisha miendo miwili isiyoingiliana: wa kwenda mbele na wa kuanguka. Jiwe likifyatuliwa mlalo kabisa kutoka kimo cha mita 5, na embe likadondoka papo hapo kutoka kimo hichohicho, vyote viwili hufika chini baada ya takriban sekunde 1, hata kama jiwe limeenda mita 20 mbele. Galileo Galilei alilifafanua jambo hili katika kitabu chake cha 1638. Dunia huvuta kuelekea chini tu, na kasi ya kuanguka huongezeka kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde ipitayo. Kasi ya kwenda mbele haibadilishi hesabu hiyo. Ndiyo maana jiwe hupinda njiani tangu linapoachia mpira wa manati.

Utauliza: mbona mpira uliopigwa kwa nguvu katika Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, hukawia hewani? Unakawia kwa sababu mguu uliupa kasi ya kwenda juu. Ukipanda kwa mita 10 kwa sekunde, utarudi chini baada ya kama sekunde 2, uwe umepigwa kuelekea golini au wima. Pingamizi zito zaidi ni hewa. Bila hewa, nyuzi 45 zingeupeleka mpira mbali kuliko pembe nyingine yoyote. Hewa hupunguza pembe hiyo na kuufanya ushuke wima zaidi kuliko ulivyopanda. Hata hivyo, kwa jiwe dogo zito linalokwenda umbali mfupi, hesabu ya Galileo hukaribia sana ukweli.