Mwizi wa Santa Monica

Mwaka 1974, miezi michache tu baada ya Gary Gygax na Dave Arneson kutoa nakala 1,000 za kwanza za Dungeons & Dragons, wateja wa duka la michezo liitwalo Aero Hobbies, huko Santa Monica, California, waliona mchezo huo una pengo. Vitabu vyake vitatu vidogo vilimruhusu mchezaji awe mpiganaji, mchawi au kasisi. Hapakuwa na mwizi. Wakambuni wenyewe: mtu wa kufungua makufuli, kunyata gizani na kutegua mitego. Habari zikamfikia Gygax kwa simu kule Wisconsin, naye akaandika mwizi wa kwake. Mwaka 1975 mwizi huyo akaingia rasmi katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, na tangu hapo hajatoka.

Wachezaji bado wanabishana juu yake. Wapo wanaosema mashabiki hawajawahi kuupa mchezo zawadi kubwa kuliko hiyo. Wengine wanasema mwizi alikuja kuiba kweli, na walioibiwa ni wenzake wa mezani. Kabla yake, mchezaji yeyote angeweza kusema, "Navua viatu, nanyata kando ya ukuta," na msimamizi akaamua kama inawezekana. Ilipoandikwa kwamba mwizi ana asilimia kadhaa za kufanikiwa kunyata, wengi walielewa kwamba asiye mwizi hawezi kunyata kabisa. Kilichokuwa cha wote kikawa cha mmoja. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa mwizi akichezwa na mtu mcheshi hakuna anayekumbuka kulalamika.

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne au watano hukaa mezani, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao, msimamizi, hana mhusika wa kwake. Yeye ndiye dunia yote iliyobaki, yaani mlango, mvua, mzee wa kijiji na zimwi lililojificha kisimani. Wanasimuliana, na penye shaka wanarusha dadu, hasa ile ya pande 20. Hakuna mshindi. Kikao huweza kuchukua saa nne, na kundi moja huweza kuwafuata wahusika wale wale kwa miaka. Mchezo wa namna hii haukamiliki kitabuni. Lazima mtu akae usiku achore handaki, abuni kijiji, aandike zimwi jipya kwa sababu wachezaji wake wameshayazoea yale ya zamani. Kwa hiyo karibu kila msimamizi ni mwandishi, na kila mchezaji ni mhakiki hata kama hajawahi kujiita hivyo.

Kuhakikiana huko kulipata makao mapema. Juni 1975, Lee Gold wa Los Angeles alianza kutoa Alarums & Excursions, chapisho la kila mwezi lililofuata utaratibu wa mashabiki wa hadithi za kisayansi wa mji huo. Kila mchangiaji aliandika kurasa zake, zikakusanywa, zikabanwa pamoja na kutumwa kwa wote. Mwezi uliofuata ilikuwa adabu kusema neno juu ya kurasa za wenzako. Ukileta kanuni zako mpya za uchawi, unasoma na za jirani, unamwambia wapi zinavuja. Chapisho hilo lilidumu hadi 2025, na katika muda huo lilifundisha vizazi vya wabunifu namna ya kukosolewa bila kununa. Gygax mwanzoni alilikaribisha. Kufikia 1978 alikuwa akiyadharau machapisho ya aina hiyo waziwazi katika The Dragon, jarida la kampuni yake.

Dharau hiyo ilikuwa na kichekesho ndani yake, maana kampuni yenyewe ilikuwa imelishwa na wasomaji. Mlinzi wa misitu aliletwa na Joe Fischer, mfanya mazingaombwe na Peter Aronson, mwimbaji wa mashujaa na Doug Schwegman, wote kupitia jarida dogo la The Strategic Review kati ya 1975 na 1976. Uingereza nako, Don Turnbull alisimamia safu ya mazimwi ya wasomaji katika jarida la White Dwarf, na mwaka 1981 mengi ya mazimwi hayo yakakusanywa katika kitabu cha Fiend Folio. Juu ya jalada lake kulikuwa na githyanki, taifa la wapiganaji wakali lililobuniwa na Charles Stross alipokuwa bado kijana wa shule. Siku hizi ni mwandishi mashuhuri wa riwaya. Walioucheza mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023 wamekutana na githyanki mmoja, Lae'zel, na pengine wameshakemewa naye.

Ndani ya Fiend Folio hiyo hiyo mlikuwa na flumph: kiumbe mfano wa kiwavi wa baharini, anaelea hewani, ana tabia njema, na akipinduliwa mgongo chini hana la kufanya. Alichekwa kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba wasomaji wasiachiwe kalamu. Mwaka 2014 alikuwamo katika kitabu rasmi cha mazimwi, anapendwa. Waliomcheka walikuwa wamemsoma kama adui wa kupigana naye, na kama adui hafai kitu. Waliokuja kumpenda walimkuta mezani kama kiumbe mwema anayeomba msaada ndani ya handaki ambamo kila kitu kingine kinataka kukuua. Alama zake za uhai hazikuwa na uzito wowote katika mapenzi hayo.

Nalitaja hilo kwa sababu wapimaji wengi wa kazi za mashabiki leo huanza na hesabu, na baadhi yao huishia hapo. Si kwamba hesabu ni bure. Chukua kanuni ya kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, ambayo toleo la mchezo la 2014 linaigawa kwa ukarimu. Mtu anayehitaji kupata 11 au zaidi ana nafasi ya asilimia 50 kwa dadu moja. Kwa mbili anafika asilimia 75. Anayehitaji 20 kamili anapanda kutoka asilimia 5 hadi 9.75 tu. Kwa hiyo shabiki akiandika kwamba mhusika wake anapata neema hiyo "kila wakati", mpimaji mwenye uzoefu huuliza kwanza: anaipata kwa kazi ngumu au kwa kazi ya wastani? Kwa kazi ya wastani, ametoa kitu kikubwa sana kwa sentensi moja fupi.

Wanahesabu pia matendo. Katika zamu moja mhusika ana tendo moja kuu na, mara nyingine, tendo moja la ziada. Kitu kinachompa tendo la tatu ni cha kutiliwa shaka hata kikiwa na sura ya unyenyekevu. Wanaangalia ni mara ngapi uwezo unarudi: kila baada ya usiku wa kulala, kila baada ya pumziko la saa moja, au wakati wowote. Wanalinganisha na vilivyomo vitabuni. Hapo ndipo mgeni anapojikwaa, maana vitabu vyenyewe havitii kanuni zao. Mwongozo wa msimamizi wa 2014 unashauri kwamba uchawi wa ngazi ya tatu unaopiga maadui wengi kwa pamoja utoe madhara ya dadu sita za pande sita, wastani wa 21. Tufe la moto, uchawi maarufu kuliko wote wa ngazi hiyo, linatoa dadu nane, wastani wa 28. Limeachwa lizidi makusudi kwa sababu ni kipenzi cha watu tangu enzi za Gygax. Shabiki anayelitumia kama kipimo chake anaandika uchawi uliozidi kimo, kisha anashangaa kukosolewa ilhali amefuata kitabu.

Lakini hata hesabu ikikaa sawa, bado hujamjibu yule mwizi wa Santa Monica. Hakuwa na nguvu nyingi. Kwa takwimu alikuwa dhaifu mno, na katika ngazi za mwanzo alishindwa mara nyingi kuliko alivyofaulu. Ubaya wake, kama ni ubaya, ulikuwa katika alichowanyima wengine. Swali la kumpima mhusika mpya ni hili: akikaa mezani, nani anabaki bila kazi? Kampuni ya Wizards of the Coast, inayouchapisha mchezo siku hizi, ililijua swali hilo kwa uchungu. Kati ya 2015 na 2017 ilitoa hadharani rasimu za mhusika aitwaye Mystic, mwenye nguvu za akili, ili wachezaji wamjaribu na kutoa maoni. Malalamiko yaliyorudi sana ni kwamba anaweza kuponya, kupigana, kujificha na kusoma mawazo, yaani anafanya kazi ya kila mtu. Aliachwa. Maelfu ya mashabiki wameandika mhusika kama huyo bila kukusudia, kwa sababu mtu akibuni shujaa wake usiku peke yake chumbani, wenzake wanne hawamo chumbani humo.

Visa vya safari, ambavyo mashabiki huwaandikia wasimamizi waviendeshe mezani, vina kipimo kingine, na hapa ndipo mhakiki mzuri anapojipambanua. Asiyejua hutazama hadithi: mfalme amelogwa, binti ametekwa, joka limeamka. Ajuaye hukisoma kisa kama fundi wa cherehani anavyolikagua shati, kwa kuligeuza ndani aone mishono. Mshono wa kwanza ni ramani. Jennell Jaquays, aliyeanzisha kijarida cha mashabiki The Dungeoneer mwaka 1976 akiwa mwanafunzi wa chuo huko Michigan, alikuja kuandika The Caverns of Thracia, kisa kilichotoka 1979 ambacho watu hawajaacha kukichunguza. Handaki lake lina milango zaidi ya mmoja. Njia zake zinazunguka na kukutana tena, ngazi za siri zinavuka sakafu mbili kwa mara moja, na unaweza kuona mahali fulani muda mrefu kabla ya kujua namna ya kufika. Makundi mawili yakiingia humo yatatoka na masimulizi mawili tofauti. Linganisha na ramani za mashabiki wengi: chumba, ujia, chumba, ujia, zimwi kubwa mwishoni. Hapo mchezaji hachagui kitu, anatembezwa.

Mshono wa pili ni habari. Justin Alexander, mbunifu wa Marekani, aliweka kanuni ambayo sasa inatajwa kana kwamba haina mwenyewe: kila jambo unalotaka wachezaji waligundue, liwekee dalili tatu au zaidi. Ya kwanza wataipita, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu itawafikisha. Kisa kinachotegemea dalili moja, tena iliyofichwa nyuma ya kurusha dadu, kitakwama kikao cha kwanza, na msimamizi atalazimika kuingiza mzee wa kijiji atoe siri bure.

Mshono wa tatu ni uandishi wenyewe, na hapa sina huruma. Kisa si riwaya. Kinasomwa na mtu aliyezungukwa na wenzake wanaomsubiri, jicho moja likiwa kwenye ukurasa. Akikuta aya nne za historia ya ukoo wa kifalme kabla ya kuambiwa kwamba chumbani kuna simba, simba huyo amechelewa. Mashabiki wengi huandika historia ambayo hakuna mchezaji atakayepata njia ya kuijua, na wanaipenda kuliko sehemu nyingine zote.

Adabu za kupokea kazi hizi zimekomaa. Mchezaji mwenye mhusika wa kubuniwa na shabiki hamleti mezani kwa kushtukiza. Humpelekea msimamizi mapema. Msimamizi mwenye busara hasemi hapana wala ndiyo kavu. Husema, "Tumjaribu vikao vitatu, akizidi tutampunguza, na hutanuna." Sharti la mwisho ndilo gumu. Kwa visa, desturi inayoheshimiwa zaidi ni kumpa mtu mwingine akiendeshe bila mwandishi kuwapo. Mwandishi akiendesha kisa chake mwenyewe huziba matundu kwa kichwa chake bila kujua kwamba ameziba, na wachezaji wanaondoka wakisifu kitu ambacho hakimo kwenye karatasi.

Fedha zimeichanganya adabu hiyo. Tangu Januari 2016 lipo soko la mtandaoni la DMs Guild, ambamo shabiki anauza kazi inayotumia dunia za Wizards of the Coast na kubaki na nusu ya bei. Hapo sifa hutolewa kwa nyota, na nyota zimekuwa salamu: watu humpa mwandishi mpya tano kwa kumtia moyo, wengine bila kufungua kurasa. Siwalaumu sana. Januari 2023, ilipovuja rasimu ya kampuni ya kutaka kufuta leseni huria iliyokuwapo tangu 2000, mashabiki wale wale waligeuka wahakiki wakali kuliko wakati wowote, na tarehe 27 ya mwezi huo kampuni ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons. Ukali wanao, wanachagua wa kuutumia kwake.

Kwa hiyo mnunuzi mzoefu anaziruka nyota na kufungua ukurasa wa mwanzo, palipoandikwa majina ya waliokijaribu kisa kabla hakijauzwa. Orodha isipokuwapo, anajua mwandishi amejipima mwenyewe. Ikiwapo, anatafuta kama kuna msimamizi wa pili aliyekiendesha, au kama majina yote ni ya meza moja, ya marafiki ambao wangecheka hata kama simba angefika usiku wa manane.