Mnara Mmoja kwa Jiji Zima: Simu za Magari za St. Louis

Tarehe 17 Juni 1946, katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, kampuni ya Southwestern Bell ilianzisha huduma ya simu za magari iliyotegemea mnara mmoja, uliosimama juu ya jengo la makao yake makuu na kurusha mawimbi ya redio kwa nguvu ya wati 250 ili yaenee jiji zima.

Chombo cha mteja, chenye uzito wa takriban kilo 36, kilikaa kwenye buti la gari, huku mkono wa simu ukiwekwa karibu na dereva, ambaye alibonyeza kitufe alipozungumza na kukiachia aliposikiliza, baada ya opereta kumuunganisha na namba aliyoitaka. Kwa kuwa redio ya gari, yenye wati 20 tu, haikuweza kuufikia mnara kutoka kila mtaa, vipokezi, yaani mitambo ya kunasa mawimbi, vilisambazwa sehemu mbalimbali za jiji, na sauti iliyonaswa ikasafirishwa kwa waya hadi kwa opereta. Mpangilio huo wastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndani yake mlikuwa tayari na dokezo kwamba mtambo mdogo ulio karibu hufaa kuliko mkubwa ulio mbali.

Kati ya chaneli sita zilizotengwa, kila moja ikibeba simu moja kwa wakati mmoja, ni tatu tu zilizotumika, maana zilizopakana ziliingiliana. Magari matatu yakiwa yanazungumza, wateja wengine wote walisubiri. Kuuongezea mnara nguvu kusingesaidia, kwani masafa yaleyale yangezuiwa kutumika katika eneo kubwa zaidi.

Desemba 1947, Douglas Ring wa maabara za Bell aliandika waraka uliopendekeza eneo ligawanywe katika seli, yaani vieneo vya pembe sita, kila kimoja na kituo chake chenye nguvu ndogo, ili masafa yaleyale yarudiwe katika seli zilizo mbali moja na nyingine. Wazo hilo, lililohitaji kompyuta za kuhamisha simu kutoka seli hadi seli bila kuikata, lilijaribiwa Chicago mwaka 1978 kwa seli kumi, na huduma ya kibiashara ikafunguliwa humo tarehe 13 Oktoba 1983. Tangu hapo, wateja walipozidi mahali, seli iligawanywa tena, na vituo vipya vikajengwa vifupi na vyenye nguvu pungufu.