Kuchora mwezi wa Idd kwa penseli: Hilali ya pwani hulala kama mashua

RAMADHANI inapokaribia kumalizika, kadi za salamu, mabango ya maduka na madaftari ya watoto hujaa picha ile ile: hilali iliyosimama wima mfano wa herufi C, nyota moja katikati ya pembe zake, na chini yake bahari yenye jahazi. Ni picha ya kupendeza. Hata hivyo, hakuna mkazi wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyewahi kuiona angani jioni ya mwezi mwandamo.

Kosa la kwanza ni la bahari. Hilali changa huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kutua, nayo hulifuata jua na kuzama. Bahari ya Hindi iko mashariki mwa pwani ya Kenya. Anayesimama ufuoni akiyatazama mawimbi huwa ameupa mwezi mgongo. Sharti ageuke aangalie upande wa bara, juu ya minazi na mapaa ya nyumba. Mji wa Lamu unaelekea kisiwa cha Manda, kwa hivyo atakaye kuchora jahazi na hilali pamoja na aupange mchoro wake kana kwamba yumo chomboni katika mkondo, akiutazama mji. Hapo mwezi utakuwa nyuma ya madari na minara, mahali unapostahili kuwa.

Kosa la pili ni la mkao. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na mwezi mchanga huwa juu yake. Upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaolielekea jua, yaani upande wa chini. Ndiyo maana hilali ya Kenya hulala chali mithili ya mashua, pembe zote mbili zikielekea juu. Huinama kidogo kulia au kushoto kulingana na msimu, lakini haisimami wima. Katika miji ya kaskazini ya mbali kama London, njia ya mwezi huinama mno, na mwanga huonekana zaidi ubavuni. Wachoraji wa huko hawakosei wanapochora walichokiona. Anayekosea ni yule wa Kisauni anayenakili mwezi wa watu wengine ilhali wake uko juu ya paa la jirani.

Jambo hili si la urembo pekee. Katika kuthibitisha mwandamo, anayesema ameuona mwezi huweza kuulizwa aliuona wapi, saa ngapi na pembe zake zilielekea upande gani. Shahidi anayeeleza hilali iliyosimama kama herufi C jioni hiyo hutiliwa shaka papo hapo, kwa sababu huenda aliona wingu, au alikumbuka kadi. Mtoto aliyewahi kuuchora mwezi akiutazama kwa macho yake hajibu kwa kubahatisha.

Kosa la tatu ni la nyota. Sehemu ya mwezi isiyong'aa haijakatwa ikaacha tundu. Imo pale pale, ila iko gizani. Nyota iliyo katikati ya duara hilo ingekuwa nyuma ya mwezi, na isingeonekana. Alama ya hilali na nyota ilienea kupitia bendera ya dola la Waturuki wa Osmani, na leo imo katika bendera za mataifa kadhaa. Ni alama, na alama haiulizwi maswali ya anga. Lakini anayenuia kuchora jioni ya Idd na auweke mwangaza wa sayari ya Zuhura nje kabisa ya duara la mwezi, ikiwa jioni hiyo kweli inaonekana.

Sasa penseli. Kinachochora ndani yake hakina madini ya risasi. Ni grafiti, aina ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuokwa. Mbinu hiyo iliasisiwa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka wa 1795, wakati nchi yake ilipokuwa vitani na Uingereza na kukosa grafiti safi iliyochimbwa Borrowdale. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu. Hizo ndizo zenye herufi H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Hizo ni za herufi B, na nambari inapopanda ndivyo weusi unavyoongezeka. Penseli nne zatosha kwa mchoro huu: H, HB, 2B na 6B. Karatasi iwe nzito kidogo na yenye mkwaruzo mdogo, maana karatasi laini ya daftari huteleza na haishiki tabaka nyingi.

Duara zima la mwezi huchorwa kwanza, kwa mstari hafifu wa H, hata kwa kuizungushia penseli sarafu ndogo. Kisha hupigwa kipenyo, mstari unaopita katikati. Pembe za hilali huishia kwenye ncha mbili za kipenyo hicho, haziendi mbele zaidi. Michoro mingi huzirefusha pembe hadi zikaribie kukutana, kama kikuku; mwezi hauwezi kufanya hivyo. Hilali changa sana huonekana hata fupi kuliko nusu ya duara, jambo lililochunguzwa na mwanafalaki Mfaransa André Danjon katika miaka ya 1930. Ukingo wa nje, ulio chini, ni nusu ya duara. Ule wa ndani ni mchirizi uliobanwa, mfano wa nusu ya yai. Nafasi iliyo kati yake iwe nyembamba, kama ukucha uliokatwa.

Ukubwa nao huwaponza wengi. Anayenyoosha mkono wake wote na kuishika penseli mbele ya jicho moja atashangaa kwamba unene wake unaufunika mwezi mzima. Kwa hivyo mwezi unaomeza nusu ya ukurasa huufanya msikiti uonekane kama kisanduku cha kiberiti.

Ugumu halisi wa mchoro huu ni kwamba penseli haina mwanga. Weupe wote hutoka kwenye karatasi. Hilali haichorwi, huachwa. Kinachochorwa ni anga inayoizunguka. Nafasi ya hilali ikishachafuliwa kwa 6B, kifutio hakitaurudisha weupe wake wa awali, maana grafiti huwa imezama katika nyuzi za karatasi. Mchoraji huanza juu kwa 2B, akishuka hatua kwa hatua kwa HB na H, kwani magharibi jioni huwa na mwangaza zaidi karibu na upeo. Mkono usikandamize. Tabaka tatu nyepesi zilizopishana mwelekeo hutoa giza tulivu kuliko tabaka moja iliyosuguliwa kwa nguvu ikang'aa kama chuma. Kipande cha karatasi safi huwekwa chini ya kiganja ili jasho na vumbi la penseli visiuharibu mchoro.

Ndani ya duara, sehemu isiyo hilali hupewa kivuli kidogo tu kilicho chepesi kuliko anga. Hiyo ni nuru inayotoka duniani, ikaufikia mwezi na kurudi machoni petu. Leonardo da Vinci aliieleza siri hiyo mwanzoni mwa karne ya 16.

Chini ya mwezi, majengo hujazwa kwa 6B na kubaki vivuli vyeusi. Kwa mkazi wa Nairobi, Msikiti wa Jamia wenye kuba tatu na minara miwili, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, hutoa umbo linalotambulika mara moja. Lamu kuna mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye umbo la pia. Minara hiyo miwili haifanani hata kidogo, na mchoro mwema huionyesha tofauti hiyo badala ya kubandika mnara wa Istanbul pwani ya Afrika Mashariki.

Je, watu wachorwe? Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kuchora viumbe wenye roho, na wengi wameona bora kujiepusha nako. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji mmoja kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mipaka hiyo haijapata kuidhoofisha sanaa ya pwani: milango ya Lamu imejaa majani na minyororo iliyochongwa, na zidaka za kuta zake zina nakshi zisizo na sura ya mtu. Dele la kahawa, kofia ya vito iliyowekwa juu ya kanzu iliyokunjwa, au jozi za viatu mlangoni mwa msikiti huwaeleza waumini bila kuwachora nyuso.

Hilali ni ya Idd-ul-Fitr, inayoangukia mwezi mosi Mfunguo Mosi. Idd-ul-Hajj husherehekewa tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, na mkesha wake mwezi huwa umevuka nusu, umevimba, uko juu sana wakati wa magharibi na hauzami hadi usiku mkuu. Maulidi ya tarehe 12 ya Mfunguo Sita hupata mwezi uliokaribia kujaa. Kwa michoro ya sikukuu hizo mbili, duara la sarafu karibu lote huachwa jeupe, mabaka ya kijivu ya uso wa mwezi yakiguswa kwa H, na ni anga tu inayohitaji ile 6B.