Karakana za Wauzaji Magari: Tuziamini kwa Kiasi Gani?

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa wenye magari humu nchini, nayo ni kwamba gari likishaingia katika karakana ya kampuni inayouza magari ya aina hiyo, mwenyewe hana tena la kuhofia. Imani hiyo ina wapinzani wake, tena wakali. Wao hushikilia kwamba karakana hizo zenye sakafu ya vigae, chai ya bure na vijana waliovaa ovaroli zilizopigwa pasi hazitofautiani na vibanda vya Kirinyaga Road ila kwa bei tu. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande haukosi kisa cha shemeji au cha jirani wa kukitolea mfano.

Mwandishi wa makala haya anaonelea kwamba pande zote mbili zinavutana kando ya kiini. Tunapouliza kama karakana fulani inaaminika, huwa tunauliza maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni la ujuzi: je, watu hawa wanaijua kazi? La pili ni la maslahi: je, huyu anayeniambia kwamba gari langu lahitaji breki mpya atapata nini nikikubali? Mtu anaweza kufuzu swali la kwanza kwa alama zote na akaanguka vibaya katika la pili.

Tuanze na ujuzi, kwani hapo hakuna haja ya kupoteza wino mwingi. Fundi wa kampuni amefunzwa aina moja au mbili za magari, nazo huziona tangu asubuhi hadi jioni. Anavyo vitabu vya mtengenezaji vinavyoeleza kila nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Anayo mashine ya kusoma hitilafu katika kompyuta ya gari, na anavyo vipuri ambavyo asili yake yajulikana. Fundi wa kando ya barabara, hata awe na kipaji cha aina gani, mara nyingi hubahatisha pale ambapo mwenzake husoma.

Isitoshe, kuna aibu za mtengenezaji mwenyewe, ambazo aghalabu mlango wake hupitia kwa muuzaji rasmi. Chukua mkasa wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Mifuko hiyo, iliyotiwa katika mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengineyo, ilikuwa na kemikali iliyoharibika kwa kukaa miaka katika joto na unyevu, na gari lilipogongwa kifaa hicho kiliweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu waliuawa na kifaa kilichowekwa kuwaokoa. Magari yaliitwa yarudishwe yabadilishiwe vifaa hivyo bila malipo, na mwaka wa 2017 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Sisi tunaoagiza magari yaliyokwisha kutumika Japani, na baadhi yetu tukayaegesha miaka nenda miaka rudi katika joto na unyevu wa Mombasa na Malindi, tuna kila sababu ya kuingia kwa muuzaji rasmi na nambari ya chesisi mkononi, tumuulize kama gari letu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoitwa. Fundi wa mtaani hawezi kulaumiwa kwa kutojua habari hiyo. Hakuna aliyemwandikia barua.

Sasa tuje kwenye maslahi, na hapa ndipo penye mzigo.

Mnamo mwaka wa 1973 wanauchumi wawili, Michael Darby na Edi Karni, waliandika juu ya aina ya bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuitambua thamani yake hata baada ya kuinunua na kuitumia. Embe bovu utalijua ukiliuma. Kiatu kibovu utakijua mvua ikinyesha. Lakini ukiambiwa kwamba shokomzoba zako zimekufa, ukazilipia mpya, na gari likaenda vizuri, utajuaje kwamba zile za kale hazingekwenda vizuri vilevile mwaka mwingine mzima? Hutajua kamwe. Matengenezo ya magari ndiyo mfano mzuri wa bidhaa ya namna hii, pamoja na matibabu. Anayepima ugonjwa ndiye anayeuza dawa, na mgonjwa ameketi katika chumba cha kungojea akisoma gazeti la juzi.

Hali hiyo ingekuwa na nafuu lau malipo ya anayepima yangekuwa hayategemei atakachokiona. Mara nyingi sivyo. Katika karakana nyingi za wauzaji magari nchini Marekani, fundi halipwi kwa saa alizokaa kazini bali kwa saa zilizoandikwa kitabuni. Kitabu kikisema kazi fulani ni ya saa mbili na yeye akaimaliza kwa saa moja, hulipwa mbili, na mteja hutozwa mbili. Mpango huo humfaa fundi hodari, hilo sipingi. Walakini hebu fikiri utamfanya mtu apende kazi gani. Kubadilisha kipuri kizima kunalipa. Kukaa nusu siku ukiutafuta mlio unaosikika tu gari likiwa baridi hakulipi, au kunalipa kidogo. Naye yule karani anayempokea mteja mlangoni, yule mwenye tabasamu na karatasi, aghalabu hupata asilimia ya kile alichouza. Mteja humdhania kuwa mshauri, kumbe ni mchuuzi.

Matokeo ya mpango wa aina hii yaliwahi kuanikwa juani. Mwaka wa 1992, idara ya jimbo la California inayolinda wanunuzi ilianza hatua za kuzipokonya leseni karakana 72 za Sears. Sears halikuwa muuzaji wa magari, bali duka kubwa lililokuwa limeaminiwa na Wamarekani kwa vizazi kadhaa, lenye idara ya kutengeneza magari. Wapelelezi walijifanya wateja, wakapeleka magari yaliyohitaji kazi ndogo ya breki na si zaidi. Katika safari 38 za mwanzo, mara 34 waliuziwa matengenezo yasiyohitajika. Ilibainika kwamba wafanyakazi walikuwa wamewekewa viwango vya mauzo, kwamba kila zamu iuze breki kadhaa na springi kadhaa, na kwamba mapato yao yalitegemea mauzo hayo. Mwenyekiti wa kampuni, Edward Brennan, alikiri kuwa mpango huo wa malipo uliandaa mazingira ya makosa, akaufuta. Wateja walifidiwa kwa hati za dola 50 za kununulia bidhaa katika maduka yaleyale ya Sears, fidia ambayo mwenye kuipendekeza bila shaka hakukosa usingizi.

Nimekirefusha kisa hicho kwa sababu kina funzo ambalo wabishi wa mitaani kwetu hawalitilii maanani. Wafanyakazi wale hawakuwa genge la wezi lililokusanyika kwa bahati mbaya katika kampuni moja. Walikuwa watu wa kawaida waliowekwa katika mpango uliowaadhibu waliposema kweli. Anayetaka kujua kama karakana ya muuzaji wake inaaminika asitazame vigae. Na aulize, kwa adabu lakini bila haya: mnawalipa vipi mafundi wenu, na huyu anayenihudumia anapata asilimia?

Tuje nyumbani. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na ada ya kulipeleka gari lake kwa muuzaji mmoja jijini, ambaye sitamtaja. Safari moja alipewa orodha ndefu: breki za mbele, breki za nyuma, shokomzoba nne, mikanda, na mwishoni kifungu kiitwacho vifaa vidogo vidogo, ambacho hakuna aliyeweza kumweleza kilikuwa vifaa gani. Mwalimu alikubali breki za mbele tu, akaomba apewe zile za kale aende nazo. Akaambiwa zimekwisha kutupwa. Akasema atangoja zitafutwe. Alingoja, mwalimu ni mtu wa subira, na baada ya saa nzima zikaletwa zikiwa zimefungwa katika gazeti. Zilikuwa zimekwisha kweli, nyembamba kama kaki. Kwa hiyo karakana ilisema kweli juu ya breki za mbele. Juu ya shokomzoba, fundi wa Kariobangi aliyelitazama gari wiki iliyofuata alimwonyesha moja iliyovuja mafuta na tatu zilizokuwa kavu. Hapo tuseme nini? Kwamba karakana ni ya wezi? Kwamba ni ya waaminifu? Ilikuwa na ukweli na chumvi katika karatasi moja, na aliyevitenganisha ni mwenye gari aliyetaka kuona kwa macho yake.

Haki inanidai niseme pia kwamba si kila kinacholalamikiwa ni wizi. Wengi hunung'unika kwamba muuzaji huwaita kila kilomita 5,000 kubadilisha mafuta ya injini ilhali huko ng'ambo gari kama lilo hilo huenda mara mbili ya hizo. Wafungue kitabu cha gari. Aghalabu watakuta ukurasa unaoeleza hali ngumu za matumizi: vumbi, safari fupi fupi, msongamano wa magari unaokwenda na kusimama. Mtengenezaji aliyeandika ukurasa ule ni kama aliyewahi kukwama Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni.

Na wale wanaowasifu mafundi wa jua kali kana kwamba umaskini ni cheti cha uaminifu, nao wanajidanganya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, awe anagema ofisini au chini ya mwembe. Vipuri bandia vyenye maboksi yanayofanana na ya asili havikosi sokoni, na ukivunjikiwa barabarani usiku huna wa kumshtaki. Sifa kuu ya fundi wa mtaani ni kwamba unasimama karibu naye akifanya kazi. Unaona anachokitoa na anachokitia. Wauzaji magari wameiondoa sifa hiyo kwa ukuta wa kioo na tangazo la usalama.

Jambo linalonishangaza ni kwamba sheria ya kuturudishia macho ipo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma za kiwango kifaacho pamoja na habari za kumwezesha kufaidi huduma hizo. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012, na ndani yake mna sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Mteja ana haki ya kupewa makadirio kabla ya kazi kuanza, na bili ya mwisho haipasi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi ambayo hakuiidhinisha hapaswi kuilipia. Vipuri vilivyotolewa ni vyake akivitaka. Yaani yale breki ambayo mwalimu wetu aliyangoja kwa saa nzima hayakuwa hisani. Swali langu kwa msomaji ni hili: katika karakana ambazo umewahi kuingia, za wakubwa na za wadogo, ni ngapi ulizokuta tangazo ukutani likikueleza haki hizo?

Kuna tatizo jingine linalokuja, nalo halitatatuliwa na mwenye gari kusimama karibu. Anayenunua gari jipya hupewa dhamana, aghalabu ya miaka kadhaa au idadi fulani ya kilomita, na huonywa kwamba akiligusisha mkono wa fundi mwingine dhamana itakufa. Marekani ilikwisha kuweka sheria mwaka wa 1975 inayomkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa vipuri vyenye jina lake, isipokuwa akivitoa bure. Afrika Kusini nayo, kupitia tume yake ya ushindani, ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 1, 2021, unaowaruhusu wenye magari kutumia karakana huru bila kuipoteza dhamana yote. Mamlaka yetu ya Ushindani ingefanya vyema kulitazama jambo hilo, tena mapema, kwa maana magari yanayokuja ni kompyuta yenye magurudumu. Tayari kuna mifumo ambayo fundi huru, hata akiwa na mashine yake na ujuzi wake, hawezi kuifungua bila ruhusa ya mtengenezaji, na kipuri halali kilichotiwa kwa mkono wake hukataa kuwaka mpaka muuzaji rasmi akitambulishe kwa kompyuta yake. Siku magari ya namna hiyo yatakapojaa barabarani, mwalimu akipewa orodha ya shokomzoba nne, yule fundi wa Kariobangi hatakuwa na njia ya kumwambia ni ngapi zilizovuja.