Sura ya 6: Mazalia ya Sambaza

Sambaza anayeuzwa Goma, mbichi au mkavu, si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Leo samaki huyu mmoja amebeba sehemu kubwa ya uvuvi wa ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 2,400. Usiku mitumbwi hufungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, taa zikawashwa, na wavu ukapandishwa kutoka chini. Akipungua yeye, hakuna wa kuziba pengo lake.

Ili kuelewa joto linamfanyia nini, tuanzie chini. Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini oksijeni huishia kwenye mita 60 hivi kutoka juu. Chini ya hapo maji ni mazito kwa chumvi na kabonidioksaidi, yamejaa methani, wala hakuna samaki anayeishi humo. Kila kinachokufa juu huzama na rutuba yake, na rutuba hiyo hukaa kilindini kama nafaka ghalani. Chemchemi za chini ya ziwa huisukuma juu polepole mno. Kisha, kati ya Juni na Septemba, upepo wa kiangazi na baridi ya usiku hupoza tabaka la juu. Maji yaliyopoa huwa mazito, huzama na kuchanganyika na yale yaliyo chini yake. Rutuba hupanda, mwani hustawi, vijidudu hula mwani, sambaza hula vijidudu.

Maji ya juu yakizidi kupata joto hubaki mepesi, na upepo uleule hushindwa kuyachanganya kama zamani. Utafiti wa Tanganyika uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kwa sababu hiyo uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Kivu lina tabia zake, ila tabaka lake la juu hufuata kanuni ileile.

Kamati ya wavuvi haiwezi kuleta upepo. Pwani ya Kenya ililiona jambo hili mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe yakageuka meupe na kufa hata ndani ya hifadhi zilizolindwa vizuri. Wengi wangekata tamaa. Lakini tumbawe changa huhitaji mwamba usiofunikwa na mwani ili lishike, na samaki wala mwani ndio wanaousafisha. Mahali walipovuliwa hadi kwisha, kupona ni kugumu. Mwaka 2005 wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, hekta 30 hivi, na samaki wakarudi. Hawakuipoza bahari. Waliondoa mzigo uliokuwa mikononi mwao.

Na Goma ina mizigo gani mikononi mwake? Kwanza kabisa, ufuo. Sambaza wakubwa huzunguka katikati ya ziwa, lakini wachanga hukulia kando, kwenye vighuba vya maji ya kina kifupi. Huko ndiko makokoro hukokotwa, na vyandarua vya mbu hunasa hata samaki asiyefika urefu wa kidole. Mwaka ambao upepo umekuwa hafifu na chakula kimepungua, wachanga waliosalia ndio tegemeo la msimu unaofuata. Kuwavua wakati huo ni kuongeza pigo juu ya pigo.

Kufunga ziwa zima kwa miezi kadhaa, kama Rwanda inavyofanya kila mwaka, kunasaidia, ingawa samaki hajui mpaka, na upande mmoja ukivua wakati mwingine umefunga, faida humwagika. Zaidi ya hayo, mji uliopokea wakimbizi wengi kiasi hiki hauwezi kuambiwa tu uache kula samaki. Kwa maoni yangu vighuba vya mazalia vitangulie: vifungwe mwaka mzima, mipaka yake iwekwe na wavuvi wanaovijua, nao waendelee kuvua kwa taa kilindini. Hatua hiyo haimfungii mvuvi ziwa lote, na inaweza kuanza na kighuba kimoja kabla serikali za pande mbili za ziwa hazijakubaliana tarehe za kulifunga.